Ukurasa wa Mwezi wa Kumi

Kwetu sisi, ukisema unakwenda Japani, mtu hakuulizi unakwenda kuona nini. Anakuuliza utachukua gari gani.

Nilipaswa kulikumbuka hilo kabla sijafungua mdomo. Ilikuwa Iddi, na Wazanzibari wa Dallas na vitongoji vyake tulikuwa tumekusanyika kwenye nyumba moja kule Richardson, wanaume sebuleni, wanawake jikoni na uani. Shoga yangu mmoja, muuguzi anayeishi DeSoto, aliniuliza mbona siku hizi uso umenawiri. Nikamwambia mwezi wa kumi mimi na mume wangu tunakwenda Japani. Nilitaka kuendelea. Nilitaka kusema kwamba kuna mlima wenye mahekalu ya kale chini yake, na juu ya mlima kuna ziwa, na ziwa lile linamwagika kwenye genge na kuwa maporomoko, na kwamba maporomoko hayo nimeyasubiri tangu niko skuli. Sikufika hata kwenye mlima. Shoga yangu aliweka chini sahani ya vileja, akafuta mikono, akasema, "Alhamdulillahi. Kaka yangu anatafuta kirikuu huu mwaka wa pili."

Kirikuu ni ile gari ndogo ya mizigo yenye pua fupi, inayobeba kreti za soda na vitanda vya maharusi katika miji yetu yote. Inatoka Japani, kama zinavyotoka gari zetu karibu zote, zikiwa zimeshatumika huko na kuchokwa. Kabla hatujaaga, habari ilikuwa imeshavuka kutoka jikoni hadi sebuleni, na kutoka sebuleni imeshafika Unguja. Njia nzima ya kurudi nyumbani simu ya mume wangu haikunyamaza. Watu ambao hawakutupigia tangu msiba wa baba yangu walitusalimia kwa heshima zote, wakauliza watoto, wakauliza afya, kisha wakauliza gari.

"Umewaambia nini?" nilimuuliza.

"Nitawaambiaje hapana?" alisema. "Fundi aende Japani arudi mikono mitupu? Watanicheka mpaka kaburini."

Alikuwa anaendesha huku anatabasamu peke yake. Muda mrefu sikuwa nimemwona na furaha ile, na sikuwa mimi niliyempa. Hilo ndilo lililoniuma mwanzo, ingawa wakati ule nilijiambia ni uchovu wa sikukuu.

Mume wangu alijifunza ufundi kwa baba yangu. Gereji ya baba ilikuwa Mikunguni, banda la mabati lenye ukuta mmoja wa matofali, na kwenye ukuta huo, juu ya meza ya spana, ilitundikwa kalenda. Duka moja la spea mjini lilikuwa likigawa kalenda kwa mafundi kila mwaka, na picha zake zilikuwa za Japani. Hekalu jekundu katikati ya miti mirefu. Ziwa lililotulia kama kioo na mlima umejiangalia ndani yake. Daraja la mbao lililoota majani ya kijani. Baba alikuwa akifunua kurasa mwezi hadi mwezi, lakini mwaka mmoja alifika mwezi wa kumi akaacha. Nadhani mikono ilikuwa na grisi, na kesho yake ilikuwa na grisi tena. Mwaka ukaisha, kalenda ikabaki pale pale, na mwezi wa kumi ukawa mwezi wa siku zote.

Mwezi wa kumi ulikuwa ni maporomoko. Maji meupe yanaanguka kutoka juu ya mwamba, membamba na marefu, na pande zote mbili majani ya miti yamegeuka mekundu na manjano kama kanga mpya. Chini, pembeni kabisa, kulikuwa na watu wadogo wamesimama nyuma ya uzio wa chuma, wamekunja mikono kwa baridi, wanatazama. Mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka chakula cha mchana cha baba na vijana wake. Nilikuwa nasimama mlangoni na bakuli mkononi nikiwatazama watu wale wanaotazama, mpaka mtu anikemee kwamba wali unapoa. Unguja hakuna mlima wa maana wala maporomoko. Maji yetu yapo baharini au yapo bombani, na bombani nako huja kwa zamu. Kwamba kuna mahali maji yanamwagwa hivyo usiku na mchana bila mtu kukinga ndoo, hilo lilinikosesha raha. Nilitaka kwenda. Kabla ya hapo sijui kama niliwahi kutaka kwenda popote.

Siku moja, nikiwa bado skuli, nilifika na bakuli nikamkuta kijana mmoja wa baba, mrefu, mkimya, anatoka ndani. Alikuwa na ule ukurasa wa mwezi wa kumi mkononi. Alinitazama, akaninyooshea. "Chukua," alisema. Neno moja tu, kisha akapita.

Msichana wa umri ule akipewa kitu namna hiyo hahitaji maelezo. Nilijua ameniona nikisimama pale siku zote. Nilijua amekisoma kilichomo moyoni mwangu na amekibandua ukutani kwa ajili yangu, mbele ya baba yangu, bila kuogopa. Niliuficha ukurasa chini ya godoro. Miaka michache baadaye, nilipomaliza kidato cha nne, nilikuja kuposwa na mtu wa Maskati, jamaa wa mbali wa mama, mwenye duka la vitambaa na tabia nzuri. Nilimkataa. Nyumba ilitikisika. Mama alinisusia kwa muda mrefu na shangazi zangu wakasema nimelishwa kitu. Lakini yule kijana alipokuja kuposa, na oili bado iko kwenye kucha, nilikubali kabla hawajamaliza kuniuliza.

Sijasema kwamba alikuwa mume mbaya, na sitasema. Hakunywa, hakupiga, hakulala nje. Tuliondoka Unguja tukaenda Maskati kwa miaka kadhaa, kisha bahati nasibu ya viza ikatutoa, tukatua Houston, na kutoka Houston tukahamia Dallas kwa sababu mimi ni mtu wa kutotulia. Nikikaa mahali nyumba ikishapata mapazia, miguu inaanza kuniwasha. Yeye alikuwa ananifuata bila kulalamika, maana gari zipo kila mji. Nilipopata siku ya mapumziko kutoka kazini (nahudumia wazee majumbani kwao) nilikuwa namvuta twende tukaone maji. Tuliyamaliza maziwa yote ya karibu, yale ya kuchimbwa, likiwemo lile lililo upande wa Mansfield ambako watu huchoma nyama na kupiga muziki. Tuliwahi kuvuka hadi Oklahoma kuangalia maporomoko ya kule. Na kila tulipofika penye maji alimkuta mtu ambaye gari yake imekataa kuwaka. Sijui alikuwa akiwanusa. Nilikuwa nashuka ufukweni peke yangu, nikigeuka namwona ameinama kwenye boneti ya mgeni, na yule mgeni amemshikia tochi mchana kweupe.

Nilikuwa nikicheka zamani. Nilisema moyoni, huyu ni mtu wa vitendo, si mtu wa maneno, na alishasema neno lake siku ile mlangoni.

Jina la maporomoko yale nililijua Richardson. Nilikuwa nikimhudumia bibi mmoja wa Kijapani, mjane wa mwanajeshi wa Kimarekani, mtu wa maneno machache na macho makali. Siku moja nilimwonyesha ukurasa wangu. Aliusogeza karibu na miwani, akasoma zile herufi ndogo za pembeni, akaanza kucheka mpaka akashika mbavu. Alisema ni Nikko, milimani, kaskazini ya Tokyo. Chini kuna mahekalu, juu kuna ziwa, na haya ndiyo maji ya ziwa yanapoanguka. Alikuwa amepelekwa huko na skuli akiwa msichana. Nikamuuliza kama ni mazuri kama kwenye picha. Akasema hajui, siku hiyo kulikuwa na ukungu.

Wakati huo watoto walikuwa wameshatoka. Mkubwa wetu wa kiume yuko jimbo jingine, na binti yetu alikuwa anasomea uuguzi Houston. Nyumba ilikuwa imenyamaza, na katika ule unyamavu nilianza kusikia kwamba mimi na mume wangu hatuna tunachozungumza. Chumvi imekwisha. Umeme umelipwa. Gari ya fulani ina tatizo la giaboksi. Nilijiambia, labda tunahitaji kusimama pale. Tukisimama pale sote wawili, mbele ya kile alichonipa, akikumbuka, basi nitakaa naye mpaka Mungu atakapotutenganisha. Asipokumbuka itakuwaje, hilo sikujiambia. Sikuona kwamba linawezekana.

Nilimwomba twende, akakubali papo hapo. Binti yetu alitukatia tiketi na kututafutia hoteli, akawa ananiambia kwa Kiingereza chake kwamba jambo hili ni la kimapenzi sana. Kisha ikaja ile Iddi.

Japani yetu ilianza kwenye yadi ya kuuzia gari. Kesho yake yadi tena. Tulikuwa tumelala Tokyo, mji ambao nilidhani nitautazama angalau kwa dirisha, lakini asubuhi mapema tulipanda treni hadi mji mdogo wa tambarare, na huko Mpakistani mmoja alikuwa akitusubiri kituoni na gari. Biashara yake yote ilikuwa na watu wa Afrika Mashariki, na kwa hiyo alikuwa amejifunza Kiswahili, Kiswahili cha gari tu, kisicho na kitu kingine ndani. "Karibu mheshimiwa," alimwambia mume wangu. "Hapa hakuna kutu. Wallahi hakuna kutu. Mama karibu ofisi, chai iko."

Mume wangu aliingia katika zile safu za gari kama mtoto aliyeingizwa kwenye duka la peremende. Alilala chini ya gari na shati lake jeupe. Aligonga milango akisikiliza sauti. Kila baada ya muda alipiga simu ya video Unguja, akawa anazungusha simu ndani ya injini, na huko upande wa pili sauti zikawa zinamwelekeza: kushoto, chini, washa, zima, washa tena. Nilikaa ofisini nikanywa chai ya maziwa ya iliki. Ukutani kulikuwa na kalenda. Nilidhani nitaona gari, au Makka. Ilikuwa picha ya bonde, mto unapita katikati, na milima yenye theluji nyuma yake. Mwenye yadi aliona ninapotazama.

"Kwetu hiyo," alisema. "Siku mingi mimi hapana kwenda."

Sikuwa na Kiswahili cha gari cha kumjibia.

Safari ya milimani ilikuja baadaye, na niliipata kwa kununa. Tulipofika Nikko mvua ilikuwa imekatika asubuhi hiyo. Ile njia ya mahekalu sitaisahau, na nasema hivi nikiwa na uchungu wangu wote. Miti mirefu ajabu, imenyooka, magome yake mekundu, na katikati yake ngazi za mawe zilizolika kwa miguu ya watu wa karne na karne, na kwenye kila jiwe kumeota kitu cha kijani laini kama zulia la msikitini. Harufu ilikuwa ya mbao zilizolowa. Watu walikuwa wengi lakini walikuwa wanazungumza chini chini. Nilitaka kumshika mkono. Nilipogeuka, alikuwa amebaki kwenye geti la chini.

Alisema yeye haingii nyumba ya masanamu. Nikamwambia hakuna anayemwambia asujudu, tunatembea tu, mbona mimi ni Mwislamu kama yeye na sijapungua kitu. Akasema niende, atanisubiri, na wala hakusema kwa ukali. Niliwaza labda ni dini kweli, na dini siwezi kushindana nayo. Nilipanda peke yangu, nikatazama mapaa yale mazito na nakshi za dhahabu, nikasimama uani mwa hekalu nikisikiliza kengele. Niliporudi chini nilimkuta amekaa kwenye ukingo wa mawe anatuma ujumbe wa sauti. Alikuwa anasema, "Mahali penyewe pazuri, mashaallah, miti mikubwa sana. Lakini nisikilize, ile ya bluu achana nayo, imeoza chini."

Kutoka hapo basi hupanda mlima kwa kona zilizojikunja kama utumbo. Yeye alilala. Mimi niliona majani mekundu yanavyoongezeka kadiri tunavyopanda, na moyo ukawa unanidunda kama binti anayepelekwa kwa mume. Ziwa tulilikuta limefunikwa kijivu, mlima wake hauonekani, maji yanapiga mawe kwa sauti ndogo na baridi inaingia mpaka kwenye meno. Tulisali sala ya safari nyuma ya kibanda cha kukodisha boti, tumetandika koti lake. Huo ulikuwa wakati mzuri. Alinisubiri nimalize dua, akanisaidia kunyanyuka, akakung'uta koti akanivisha mimi. Nikajisemea, umeona, yupo. Nilikuwa mjinga wa kufarijika kwa koti.

Kwenye maporomoko unashuka kwa lifti iliyochimbwa ndani ya mwamba. Ukitoka, kuna kijia cha ndani chenye matone, kisha unatokea kwenye jukwaa lenye uzio wa chuma. Niliutambua uzio. Ni ule ule ambao watu wadogo wa kalenda walisimama nyuma yake. Nilikwenda nikaushika kwa mikono miwili, na mbele yangu hakukuwa na kitu chochote. Ukungu mweupe, mzito, kama shuka limetundikwa usoni mwangu. Maji yalikuwepo. Ngurumo yake ilikuwa inaingia kifuani, na unyevu wake ulitulowesha nyusi. Watalii wengine walicheka, wakapiga picha za ukungu, wakarudi kwenye lifti. Nikamkumbuka bibi wa Richardson.

"Tusubiri," nilisema.

"Tusubiri," alisema. Hakuwa na haraka. Simu ilikuwa haishiki kule chini.

Tulisubiri sana. Kisha nikaona, maadam maji yamekataa kuonekana, basi kile kingine kisinipite. Nilitoa ukurasa kwenye mkoba. Nilikuwa nimeutia ndani ya bahasha ya plastiki tangu Unguja, na ulikuwa umegeuka manjano pembeni, na nyuma yake bado kulikuwa na alama ya kidole cha grisi. Nilimpa aushike ili nimpige picha nao, yeye, ukurasa, na ukungu nyuma.

Aliutazama, akaugeuza, akaona alama ya kidole. Akacheka kwa mshangao. "Hii bado unayo?"

"Unaikumbuka siku uliyonipa?"

"Naikumbuka vizuri," alisema, na mimi nikapumua. "Baba yako alikuwa anataka kupaka rangi ule ukuta. Akaniambia nibandue makaratasi yote nikayachome. Sasa natoka na hilo la mwisho, wewe umesimama mlangoni na bakuli lako, umeziba njia. Nikakupa."

"Uliniambia chukua."

"Ndiyo," alisema. "Ili unipishe."

Alisema kwa upole, kama mtu anayekumbuka kitu cha kuchekesha cha utotoni. Hakujua alichokifanya. Nimejaribu tangu siku ile kutafuta ubaya katika uso wake na sijauona, na hilo linanikera kuliko ambavyo ubaya ungenikera. Nilimtazama yule mwanamume aliyelowa nyusi, nikaona ni mtu niliyekutana naye mlangoni akitafuta njia ya kupita, na mimi nikamfuata kwa miaka hadi nchi tatu.

"Kwani wewe ulidhani nini?" aliuliza.

Nilichukua ukurasa nikaurudisha kwenye mkoba. Ukungu haukuondoka. Tulipanda lifti na kundi la wanafunzi waliovaa kofia za njano, na hakuna aliyetuangalia.

Kwenye basi la kushuka mlima alinitazama akaona machozi. Halafu akasema, "Ningejua utalia, ningekuambia nilikupa kwa mapenzi. Ningekosa nini?" Nadhani hilo ndilo jambo la ukweli zaidi alilowahi kuniambia. Nilimwambia ni sawa. Baadaye kidogo simu yake ilipata mawimbi, ikaanza kulia mfululizo, na kwa adabu yake akaniangalia kwanza kama anaomba ruhusa. Nikamwambia pokea.

Siku iliyobaki tulirudi yadi kumaliza mambo ya kirikuu.

Nyumbani Dallas niliendelea kwa miezi kadhaa. Nilipika, nilikwenda kazini, nilijibu salamu. Lakini kila alipopita mlangoni nilisogea upande, na nilianza kuona kwamba siku zote nilikuwa nasogea. Nikamwambia nataka kuondoka. Aliniuliza kama nimepata mtu. Nikasema hapana. Akaniuliza kama ni zile gari. Nikasema hapana. "Basi ni nini?" aliuliza, na nilipomwambia, aliniuliza, "Kwa karatasi?"

Kwetu ndoa haivunjwi na watu wawili chumbani. Lazima wazee waketi. Kwa kuwa wazee wetu wako Unguja, waliketi kwenye simu: ami yangu, mdogo wake baba, akiwa na wazee wawili upande wangu, na kaka zake upande wake, na sisi tumekaa kwenye kochi letu Texas, bega kwa bega ili sote tuenee kwenye kioo. Ami ndiye aliyeongoza suluhu. Aliniuliza kwa utaratibu, kama hakimu. Anakupiga? Hapana, ami. Anakunyima chakula, nguo, malazi? Hapana. Ana mwanamke? Hapana. Anakutukana, anakutukania wazee wako? Hapana. Kila nilipojibu hapana nilisikia wale wazee wanavuta pumzi upande wa pili. Nilijaribu kueleza. Nilisema kuna ukurasa wa kalenda, wa kwenye gereji ya baba. Nikasikia jinsi ninavyosikika, nikanyamaza.

Ami hakuwa mkali. Ni mtu mwema, alinilea nusu. Alisema, "Mwanangu, mume amekutoa Unguja, amekupeleka Uarabuni, amekupeleka Marekani, amekupeleka mpaka Japani ukatembee. Wewe unataka akupeleke wapi tena?"

Mume wangu aliinamisha kichwa. Hata yeye aliona aibu kwa ajili yangu. Jibu la kumpa ami, hadi leo nikiwa peke yangu barabarani najaribu kulitunga na halitungiki. Uliyempenda kwa kosa la bakuli kuziba mlango hajakukosea kitu. Hakimu gani atamhukumu?

Talaka aliitoa mwishowe, bila ugomvi, kwa sababu nilisisitiza na yeye hakutaka kelele. Nilihamia Houston kuwa karibu na binti yetu, ambaye ameshamaliza na ana zamu zake na ana maisha yake. Sasa nawahudumia wazee wa huku. Houston ni tambarare kuliko Dallas. Mvua zikinyesha kubwa, maji humwagika kutoka kwenye madaraja ya barabara za juu kwa mabomba yake, meupe na marefu, na mara moja au mbili nimejikuta nimesimamisha gari pembeni nikiyatazama. Watu huwa wanapiga honi. Ukurasa uko kwenye droo pamoja na hati za viza. Sijauchana. Picha haina kosa, maporomoko yapo, na kuna watu wanaoyaona, wakienda siku isiyo na ukungu.

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye harusi ya watu wa kwetu hapa Houston. Nilikuwa nimekaa meza ya pembeni na wanawake nisiowajua, nikamwona shoga yangu wa DeSoto anakuja kutoka upande wa pili wa ukumbi, amefungua mikono. Alikuwa amesafiri kwa ajili ya harusi. Hakusema chochote kuhusu talaka, ingawa kila mtu anajua. Alinikumbatia, akavuta kiti, akatoa simu. Alitaka nione. Kirikuu cha kaka yake, cheupe, kimeandikwa jina la biashara mlangoni, kimepakia magodoro, kinapita barabara ya Mikunguni ambayo siku hizi imetiwa lami. Kwenye kioo cha nyuma bado kuna stika ya herufi za Kijapani.

"Hakijasumbua hata siku moja," alisema. "Mwenzio ana jicho. Kila siku tunawaombea dua nyote wawili."

Nikamwambia Mungu apokee. Akairudisha simu kwenye mkoba, akatulia, na nadhani hapo ndipo alipohisi kwamba kuna adabu haijatimizwa. Akaniuliza na mimi, huko Japani, niliona nini.

"Ukungu," nilisema.

Alinitazama akitafuta kama kuna zaidi. "Pole," alisema. Kisha akanisogezea sahani ya kachumbari, maana pilau ilikuwa imeanza kufika meza za mbele.